Ndoo Sita Bondeni kwa Cucu

Jumatatu, 8 Septemba 1986

Mwalimu Theuri ametuagiza sisi wa Kidato cha Tatu tuandike shajara muhula huu wote, kwa Kiswahili safi, na tusiandike uongo. Ngatia aliuliza kama mtu anaweza kuandika "leo hakukutokea kitu." Mwalimu akasema anaweza, ila akiandika hivyo wiki nzima atajua hajui.

Basi. Mimi ni Wacera, binti wa Hezekiah, karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa. Nyumbani tuko Baba, Mama, mimi na Cucu, yaani mama yake Baba. Cucu huongea Kikuyu tu. Maneno yake nitayageuza mimi, na yakipungua utamu kosa ni langu.

Leo ukungu uliondoka saa nne.

Jumatano, 10 Septemba

Leo hakukutokea kitu.

Alhamisi, 11 Septemba

Wasichana tulishona kola. Wavulana walipewa betri, waya na balbu. Kola yangu ilitoka nzuri, na nilikasirika kwamba ilitoka nzuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Daktari Wachuka alifika asubuhi kwa pikapu ya chuo kikuu. Nilidhani daktari ni mtu wa vidonda na vidonge. Huyu ana sindano kweli, lakini hadungi watu. Anadunga ndoo.

Alimwomba Cucu ruhusa tangu Agosti. Cucu alikubali kwa sababu, anavyosema, msichana aliyesoma mpaka akaishiwa na vitabu na bado anavua viatu mwenyewe kuingia topeni hawezi kuwa mwizi.

Bonde letu liko chini ya mashamba ya kahawa. Huko kila mwanamke wa mtaa huu ana kipande chake cha nduma, yaani magimbi, kimetengwa na cha mwenzake kwa mfereji. Daktari alizamisha mikanda sita ya bati ya mviringo katikati ya nduma za Cucu, kila mmoja ukizunguka miche michache, ikabaki imechomoza kidogo. Wakati wa kupima, juu ya kila mkanda hufunikwa ndoo ya plastiki iliyopinduliwa. Kitako cha ndoo kina tundu lililozibwa kwa mpira. Hewa inayotoka topeni inanaswa humo. Unadunga mpira kwa sindano, unavuta hewa na kuitia kwenye kichupa. Unangoja nusu saa, unavuta tena. Kichupa cha pili kikizidi cha kwanza, hicho kilichozidi ndicho tope lilichopumua.

"Lilipumua nini?" niliuliza.

Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua chupa ya soda, akaijaza maji, akaipindua mferejini na kuchokoa tope chini yake kwa fimbo. Viputo vikapanda ndani ya chupa. Akaiziba kwa kidole, akaitoa, akawasha kiberiti na kuondoa kidole. Moto wa buluu uliruka mdomoni mwa chupa, ukazima.

"Methani," alisema. "Jani likioza penye hewa, kaboni yake inatoka kwa njia moja. Likioza chini ya maji pasipo hewa, vijidudu vinaitoa kwa njia hii."

Cucu aliitazama chupa kwa muda. "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa nikilima mafuta ya taa," alisema, "na bado naenda kuyanunua dukani."

Idara ya Daktari inamtaka apime Jumamosi kumi na mbili mfululizo, bila kuruka hata moja. Mwezi wa Desemba wakuu wa idara yake watakaa kuamua kama utafiti wake utaendelea au utafungwa. Jumamosi moja ikikosekana, alisema, watakuwa wamepata sababu wanayoitafuta.

Sheria ni moja: hakuna kukanyaga tope karibu na ndoo. Unapita juu ya mbao. Ukikanyaga, unalikamua tope kama kiwele, na hewa inayotoka ni ya mguu wako, si ya bonde.

Jumanne, 16 Septemba

Shuleni wanasema zile ndoo zimefunika nyoka. Ngatia anasema ni mayai ya nyoka. Nilimwambia aje aone. Hakuja.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo Daktari alinipa sindano. Ndoo ya kwanza nilidunga mara mbili, ya pili mara moja. Alisimama nyuma yangu bila kusema neno, na hilo lilikuwa zuri kuliko kusifiwa.

Jumatano, 24 Septemba

Baridi. Kola nyingine.

Jumamosi, 27 Septemba

Ndoo moja imepasuka, kwa hiyo baada ya kazi nilikwenda na Daktari mjini Nyeri, kwenye duka la Bwana Bipin, aliyemuuzia zile za kwanza. Alichagua ndoo ya rangi ileile, akaikagua juani, akaomba msumari wa moto palepale dukani.

"Daktari, mimi nauza ndoo miaka ishirini," alisema Bwana Bipin. "Wewe ni mteja wa kwanza kununua ndoo kamili ndio utoboe."

"Na za kwanza zote unajua nilizitoboa."

"Najua. Nilimwambia mke wangu Sarla. Amesema nikuulize kama unafuga kuku au unafuga pepo."

"Mwambie nafuga upepo."

Bwana Bipin alicheka hadi akakosea kurudisha chenji, Daktari akamrudishia.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tulipokuwa tukingoja ile nusu saa, nilimuuliza kwa nini alichagua matope.

Alisema alizaliwa Karatina, mama yake akiuza makaa. Alisoma Nairobi, kisha akapelekwa Uswidi, ambako vinamasi huganda na yeye alitoboa barafu ili kuipata hewa. Siku moja alisoma jedwali la vinamasi vya dunia nzima. Kila mahali palikuwa na namba iliyopimwa. Alipofika kwenye nchi zetu, namba ilikuwepo pia, lakini pembeni yake palikuwa na alama ndogo, na chini ya ukurasa maelezo: makadirio.

"Walikisia," alisema. "Mtu ambaye hajawahi kuchafua viatu vyake hapa alikaa mezani akakisia. Niliporudi niliambiwa nipime majani chai, ndiyo yana faida. Niko peke yangu mwanamke katika idara hiyo. Mkuu wangu hunijulisha kwa wageni kama mama wa matope. Nami nasema sawa. Lakini matope ya kwetu hayatakisiwa tena nikiwa hai."

Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayetaja jina lake kwa karani.

Nimeamua nitasoma kemia. Sijui wapi, maana shule yetu haina hata bomba la maji. Nimeandika tu ili iwe imeandikwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Tulichukua hewa chini ya mwavuli.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kahawa imeiva pande zote. Baba hurudi kiza kikiwa kimeingia, mikono ikinuka maganda. Mlima wa maganda nyuma ya kiwanda umekuwa mkubwa kuliko ofisi. Watu huruhusiwa kuyachukua bure, na wanawake huyabeba kupeleka mashambani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ndoo zote sawa. Mvua kubwa baadaye.

Jumamosi, 25 Oktoba

Daktari alikuja akiwa na uso mwingine. Hakumsalimia Cucu vizuri. Alisimama juu ya mbao akaniuliza, "Wacera, Jumamosi mbili hizi ulifanya nini kwa ndoo ya tatu, ya nne na ya sita?"

Nilisema nilifanya kama siku zote, naye alikuwepo akiona.

Vichupa vyetu huenda Nairobi kupimwa kwa mashine. Ndoo hizo tatu zimepanda ghafla, mara nne ya zilivyokuwa. Zingine tatu zimetulia palepale. Mkuu wa idara alitazama zile namba, akauliza nani huvuta hewa. Daktari akasema ni yeye pamoja na msichana wa shule. Mkuu akasema basi hizo si namba, ni mchezo wa mtoto, na zikiendelea hivyo hatangoja Desemba.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

Alichukua sindano. "Sikumwambia kitu. Leo nitavuta mwenyewe."

Nikakaa ukingoni nikimtazama. Nilimwona binadamu kama wengine, anayeogopa bosi wake. Nilikuwa nimempandisha juu mno, na aliyeumia kwa kumshusha ni mimi.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani sikuimba. Mama aliniuliza kama naumwa. Nilisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli kwa namna yake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimepata.

Leo nilirudi mapema kwa sababu mwalimu wa upishi hakuja. Nikamkuta Cucu anateremka bondeni, debe la maganda ya kahawa mgongoni, kamba kichwani. Nilimfuata nimsaidie. Alipita juu ya mbao kwa adabu kama tulivyofundishwa. Akafika kwenye mkanda wa tatu, akainama, akamimina maganda ndani yake, akayakandamiza topeni kwa kiganja, vizuri, kama anayefunika mbegu. Kisha mkanda wa nne. Kisha akapumzika, akamalizia wa sita.

"Cucu, unafanya nini?"

"Nawalisha."

"Nani?"

"Nduma za Daktari." Alinitazama kama mimi ndiye nimekosa akili. "Zangu nazitia mbolea kila msimu. Hizi zilizo ndani ya vibati vyake ni zake, ni mgeni wangu. Sasa za mwenyeji zinenepe, za mgeni zikonde hapohapo kando, na watu wapite waone? Zile zingine tatu zina nguvu. Hizi zilikuwa zinaniaibisha."

"Tangu lini?"

"Tangu kahawa ianze kuletwa kiwandani."

Nilikaa kwenye mbao. Cucu aliwaka hasira kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia, na hakujua achague kunifariji kwa kipi.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku tano nimezunguka na habari hii tumboni. Daktari aliposhuka garini sikumpa nafasi ya kusalimu. Nilimwambia yote.

Alienda moja kwa moja kwa Cucu aliyekuwa akimenya ndizi. Nilimfuata nikiogopa. Nilikuwa tayari kusimama katikati, ingawa sijui ningefanya nini huko katikati.

"Cucu, umenilishia nduma zangu?"

"Nimekulishia. Kwani umekuja kunishtaki?"

"Umeniharibia kazi ya wiki tatu."

"Mimi sikuharibu. Angalia majani yake." Cucu aliweka kisu chini. "Kama hukutaka zipewe chakula ungesema. Huwezi kuja kwa mtu, ukaacha mimea yako na njaa, halafu mwenye shamba akae tu. Mimi si mtu wa hivyo."

Daktari aligeuka. Alitazama bondeni. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo.

"Tatu zimelishwa," alisema. "Tatu hazikulishwa. Udongo mmoja, maji mamoja, mvua moja." Akaketi chini kwenye nyasi na suruali yake safi. "Ningelipanga mwenyewe ningelipanga hivi hivi. Cucu, unaweza kuendelea?"

"Na nini?"

"Na maganda. Debe moja, kila Jumatatu, kwa hizo tatu tu. Sio zaidi, sio pungufu. Hizi zingine uziache na njaa."

Cucu alichukua kisu, akamenya ndizi nyingine. "Hizo zingine tutawaambia watu ni za nani?"

"Waambie ni za mkuu wangu wa idara."

Cucu alicheka mpaka akakohoa, akakubali.

Tulipofika kwenye mbao, Daktari alinikabidhi sindano. Kisha akatoa kalamu akaandika kwenye kibandiko cha kichupa cha kwanza, mahali pa jina la mvutaji, jina langu lote. Siku zote alikuwa akiandika herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe.

"Nilipaswa kumjibu mkuu siku ile," alisema. "Nitamjibu sasa."

Jumatano, 5 Novemba

Bonde zima linajua kwamba maganda ya kahawa hulifanya tope lipumue. Watiri, mwenye kipande kilicho kando ya cha Cucu, anawaambia watu kwamba Daktari amegundua kahawa ina pumu.

Ijumaa, 7 Novemba

Habari imefika kwa Bwana Moffat, mwenyekiti wa chama cha kahawa. Jioni alikuja kwetu. Mama alimpa chai, hakuinywa.

"Hezekiah, nasikia kwa nyanya yako... kwa mama yako kuna mtu anapima kiwanda changu."

"Anapima nduma, Mwenyekiti," alisema Baba.

"Anapima maganda. Na maganda ni ya nani? Ni ya kiwanda. Na maji ya kiwanda yanaenda wapi? Huko huko bondeni. Kesho ataandika ati tunaharibu mto, Nairobi wasome, halafu? Hiyo si sayansi, hiyo ni siasa." Alisimama. "Kutoka leo maganda hayatoki kwa kiwanda. Na hizo ndoo nataka ziondoke. Wewe uko na kazi nzuri, Hezekiah. Ni mizani. Mizani inataka mtu ametulia."

Baba alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alisema, "Umesikia, Wacera. Kesho Daktari akija mwambie achukue vitu vyake."

Nilisema nimesikia. Sikusema nitafanya.

Jumamosi, 8 Novemba

Daktari alikuja nikamweleza. Aliniuliza, "Wewe unataka nini?" Nilisema nataka Jumamosi kumi na mbili. Tukavuta hewa. Baba alituona kutoka juu, akageuka akaenda zake. Nilidhani Baba ni mtu wa haki kwa sababu hapunji watu kilo zao. Leo nilimwona mtu anayegeuza mgongo.

Jumapili, 9 Novemba

Mimi na Baba hatusemezani.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna maganda. Cucu alienda kiwandani na debe lake, bawabu akamrudisha. Alirudi na debe tupu mgongoni, bado kamba iko kichwani. Amekaa jikoni. Debe la wiki hii likikosekana, zile ndoo tatu hazitakuwa zimelishwa sawasawa, na kazi yote itakuwa na pengo.

Mvua ilinyesha tangu saa nane.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimerudi kutoka shule nikamkuta Baba bondeni. Yeye hashuki bondeni kamwe, wanaume hawashuki. Alikuwa amesimama ukingoni, nje ya nduma, ameshika baiskeli. Kando yake gunia, limelowa, linanuka uchachu ule ninaoujua.

"Mama," alimwita Cucu kwa sauti ya kawaida. "Nilikuwa napita. Hili gunia limeanguka kutoka kwa baiskeli yangu."

Cucu alilitazama. "Limeanguka vizuri."

"Likianguka lingine Jumatatu ijayo, usishangae."

Akapanda mlima akisukuma baiskeli. Nilitaka kumkimbilia, nikaogopa kumharibia. Nimeandika hapa badala yake. Mwalimu Theuri, ukisoma ukurasa huu, tafadhali usiusome kwa sauti.

Jumamosi, 15 Novemba

Tulivuta. Daktari anasema namba za wiki iliyopita zimekaa sawasawa: zilizolishwa juu, zenye njaa chini.

Jumatatu, 17 Novemba

Gunia lingine limeanguka.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika hii mikono ikiwa bado na tope kwenye kucha.

Daktari hakuja. Jana alituma ujumbe kwa Bwana Bipin, naye akamtuma dereva wake wa lori kutuambia: idara imemnyima gari wiki hii, vichupa viko hapa kwetu, Wacera afanye peke yake. Mama alinitengenezea uji mzito kama ninakwenda mtihani.

Bondeni kulikuwa na wanawake kama kumi, Mama akiwemo, kila mmoja kwenye kipande chake, kwa sababu Jumatatu ni siku ya soko na nduma huchimbwa Jumamosi. Nilifunika ndoo zote sita, nikavuta hewa ya kwanza. Nikaanza kungoja nusu saa.

Ndipo Bwana Moffat akatokea ukingoni, na viatu vya kazi ya ofisi, na vibarua wawili wa kiwanda.

"Hizo ndoo," aliwaambia. "Toeni."

Cucu alikuwa ameinama. Hakuinuka upesi. "Moffat," alisema. "Ni nani amekuita kwa nduma zangu?"

Hapo wanawake wote waliinuka kutazama. Nduma ni za wanawake. Mwanamume akitaka kitu bondeni husimama ukingoni na kuita, na asipojibiwa huenda zake. Hata mvulana mdogo anajua.

"Mimi ni mwenyekiti, Mama Hezekiah."

"Mwenyekiti wa kahawa. Kahawa iko huko juu. Mama yako alilima hapo anapolima Watiri, na baba yako alisimama palepale uliposimama, akaita mpaka koo likamkauka. Hakuingia."

Bwana Moffat aliwageukia vibarua. Mmoja wao alijikuna shingo. "Chairman, kwa kiwanda tunaingia popote unasema. Lakini hapo kwa akina mama mimi siingii. Mama yangu yuko kwa hiyo laini ya pili, ananiangalia."

"Naangalia," ilisema sauti kutoka kwenye majani.

Basi Bwana Moffat akaingia mwenyewe. Hakujua habari ya mbao. Hatua ya kwanza ilimbeba, ya pili ikazama hadi kwenye goti, na mguu wa pili ukaufuata. Akasimama hapo karibu na ndoo ya nne, viputo vikipanda kumzunguka kama chungu kinachochemka.

Wanawake walianza kumwendea. Nikaona miguu kumi, ishirini, ikija kukanyaga tope lote.

"Tafadhali simameni," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Msikanyage. Na wewe, Bwana Mwenyekiti, tafadhali usitingishike. Ukitingishika hewa inatoka, na ndoo zingine pia zitaharibika. Bado dakika chache."

"Ati nini? Wewe ni mtoto wa Hezekiah?"

"Ndiyo."

"Unajua naweza kufanya nini kwa baba yako?"

Nilijua. Nilimtazama, nikaona tai yake imerukiwa na tope. "Najua," nilisema. "Lakini ukitoka sasa utaharibu. Ngoja nimalize, halafu utoke, halafu umfanyie baba yangu unavyotaka mbele ya hawa wote."

Hakuna aliyecheka mwanzo. Kisha Watiri alisema, "Mwenyekiti, pumua taratibu, usije ukahesabiwa," na bonde zima likalipuka. Hata kibarua aligeuka upande.

Alijaribu kutoka. Hakuweza bila kuvutwa, na hakuna mwanamke aliyetoa mkono. Basi akasimama. Nilipita juu ya mbao kutoka ndoo hadi ndoo, nikivuta hewa ya pili. Kila ndoo nilidunga mara moja. Nilipofika kwenye ndoo ya nne nilivuta kama zingine. Kisha nikaandika kwenye kibandiko: "Mtu alikanyaga karibu. Isihesabiwe."

Ndipo nikamwambia Cucu nimemaliza. Watiri na Mama walimshika kila mmoja mkono, wakamvuta. Kiatu kimoja kilibaki. Cucu alisema kitakuwa mbolea.

Baba alirudi jioni, alikuwa amesikia njiani. Alikula, kisha akasema, "Ulimwambia asitingishike?"

"Ndiyo, Baba."

"Na akatii?"

"Alikuwa amekwama."

Baba aliosha mikono kwa muda mrefu. "Mimi pia nilikuwa nimekwama," alisema. Kisha akaniambia nikalale.

Jumanne, 25 Novemba

Baba bado yuko kwenye mizani. Wazee wa chama wamesema mwenyekiti asiyeweza kutoka kwenye nduma asianze kufukuza makarani msimu wa kahawa. Maganda yameruhusiwa tena.

Jumamosi, 29 Novemba

Jumamosi ya kumi na mbili. Daktari alikuja kwa basi. Tulivuta pamoja, yeye tatu, mimi tatu. Alibeba vichupa vyote kwa kiondo cha Cucu, kikapu cha kusuka, vimefungwa kwa leso. Jumatano ijayo idara inakaa.

Jumatano, 3 Desemba

Leo wanakaa. Nilivunja kikombe.

Jumatatu, 8 Desemba

Shule imefungwa, lakini Mwalimu Theuri amesema mwenye kitu cha kuandika aendelee. Nilimwambia mwakani nataka kukaa upande wa betri na balbu. Alisema wasichana hawajawahi. Nilisema najua.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilimsikia kabla ya kumwona, anabishana na mbwa wa Watiri. Daktari aliteremka njia ya bondeni kwa miguu, buti za mpira begani, kiondo cha Cucu mkononi.

Cucu hakungoja. "Wamesemaje?"

"Mkuu alichukua namba zote akazikagua mwenyewe siku mbili. Alitaka kupata kosa. Alipofika kwenye kile kichupa kilichoandikwa 'isihesabiwe', aliuliza nani aliandika. Nikasema ni yule mtoto. Akasema mtu anayetupa hewa yake mwenyewe hadanganyi zilizobaki." Aliketi juu ya mbao. "Wamezikubali. Zitachapishwa. Si makadirio tena."

Nilitaka kuruka, lakini uso wake haukuwa wa kuruka.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu wakasema hongera, kazi imekwisha. Wamefunga. Hakuna gari, hakuna fedha, mwezi wa Januari nifundishe mwaka wa kwanza na nisahau matope. Niliwaambia kumi na mbili ilikuwa hesabu yao. Bonde halipumui kwa msimu mmoja. Nataka mwaka mzima, kiangazi na masika. Wakaniuliza utafika kwa gari gani? Nikasema kwa basi."

Mvua ilianza, nyepesi. Cucu alitazama ndoo sita zilizopangwa ukingoni, akamtazama Daktari, akatazama buti.

"Mimi sijawahi kuwa na gari maisha yangu yote," alisema, "na nduma zangu zinafika sokoni kila Jumatatu."

Alichukua ndoo ya kwanza na kunipa. Nikavua viatu, nikapanda juu ya mbao, nikaifunika.